Kuandaa DXF za plazma usiku: AutoCAD kamili au isiyo na dirisha?

plazma_tegeta
Habari zenu wakuu. Nina karakana ya mageti na grili, na mashine ya plazma ya CNC, inayokata chuma kwa kuongozwa na kompyuta. Wateja wananirushia DWG, yaani faili za programu ya kuchorea ya AutoCAD, kwa WhatsApp mpaka usiku wa manane: maua ya geti, flanji, vibao vya majina. Asubuhi kijana wangu anakaa kwenye AutoCAD, anafungua moja moja, anafuta leya (matabaka ya mchoro) za vipimo, anahifadhi DXF ya R12, muundo wa zamani wa faili ambao mashine inausoma. Mpaka amalize ni karibu saa sita mchana, na muda wote huo mafundi wamekaa tu.

Nataka faili ikiingia kwenye folda, kompyuta imalize yenyewe. Mmoja ananishauri niandike skripti ya kuendesha AutoCAD kamili, mwingine anasema nitafute programu isiyo na dirisha kabisa, inayofanya kazi kwa amri tu bila kufungua chochote kwenye skrini. Leseni moja ya AutoCAD ninayo. Niweke nguvu wapi?

mchoraji_changamwe
Ndugu yangu, kabla ya kuchagua programu, kaa na huyo kijana asubuhi moja uandike kila amri anayoipiga, kwa mpangilio wake. Orodha hiyo ndiyo itakayokuamulia. Nimeziendesha njia zote mbili kwa kazi kama yako, na kwa foleni ya usiku siirudii AutoCAD kamili.

Ile kamili imetengenezwa kumngoja mtu. DWG moja ikikosa fonti ya SHX (aina ya fonti za AutoCAD), kinatokea kidirisha kinachouliza itumike fonti gani badala yake. Saa nane za usiku nani atabofya? Faili hiyo inasimama, na zote zilizo nyuma yake zinasimama nayo. Ukiiweka iende kama huduma ya Windows ndiyo mbaya zaidi: tangu Vista, huduma zinakaa kwenye sesheni yao isiyo na skrini ya mtumiaji, kwa hiyo hata ukiamka kidirisha chenyewe hukioni.

Wengi hawajui kwamba AutoCAD ya 2013 na kuendelea inakuja na injini yake isiyo na dirisha. Angalia kwenye folda AutoCAD iliposakinishwa, utaikuta accoreconsole.exe. Unaipa mchoro na skripti:

`accoreconsole.exe /i ua.dwg /s safisha.scr`

Inafunguka upesi kwa sababu haina cha kuchora kwenye skrini. R12 haina SPLINE (mkunjo laini), basi mikunjo ya maua inageuzwa polyline, yaani vipande vya mistari vilivyounganishwa, wakati wa kuhifadhi, na hicho ndicho plazma nyingi zinachotaka.

Inapokwama ni hapa. LISP (programu ndogo za ndani ya AutoCAD) zenye amri za vla- au vlax- hazitembei humo, maana zinategemea ActiveX, njia ya Windows ya programu kuendeshana. La pili linakugusa wewe moja kwa moja: vibao vya majina. Kama kijana wako anageuza herufi kuwa mistari kwa TXTEXP, amri hiyo inapitisha maandishi kwenye WMF (faili ya picha ya Windows), na WMF inachukuliwa kutoka kwenye kile kinachoonekana kwenye skrini. Pasipo skrini hakuna cha kuchukua. Kwa hiyo maua na flanji ziende usiku bila dirisha. Mchoro ambao maandishi yake yanakatwa usogezwe kwenye folda ya pili, kijana aumalize asubuhi kwa mkono. Vitakuwa vichache.

Na kila faili ipewe muda wa mwisho. Dakika mbili zikipita, skripti iizime, iihamishie kwenye folda ya zilizokwama, iendelee na inayofuata. Hili tafadhali usiliache, hata ukiamua kutumia programu nyingine kabisa.

nuru_py
Naongezea kwa atakayesoma hapa na hana leseni. ODA File Converter ni ya bure, inageuza folda nzima ya DWG kuwa DXF kwa mstari wa amri. Kwenye Linux bado inadai skrini, kwa hiyo iendeshe chini ya xvfb-run, inayoipa skrini ya kuigiza. Kisha ezdxf, maktaba ya lugha ya Python ya kushughulikia DXF, inafuta leya na kunyoosha mikunjo. Hata maandishi ya TEXT inayageuza kuwa mistari kwa nyongeza yake ya text2path, mradi fonti ya mteja iwepo kwenye mashine yako. Mkuu wa Tegeta, hata vile vibao unaweza kuvipitisha huku.

plazma_tegeta
Nashukuru sana wakuu. Swali moja: kuna wateja wanachora kwa mita, wengine milimita, wengine inchi. Kijana anagundua kwa macho. Kompyuta itajuaje?

mchoraji_changamwe
Soma $INSUNITS kwenye faili, namba inayotaja kipimo cha mchoro: 4 ni milimita, 1 ni inchi, 6 ni mita, 0 maana yake mchoraji hakusema. Hata ikisema usiiamini peke yake, wengi wanaanza na kiolezo cha inchi huku wanachora milimita. Pima upana wa mchoro mzima. Geti likitoka na upana wa 3.6, hizo ni mita, ila ua la geti lenye 12 linaweza kuwa inchi na linaweza kuwa kosa. Lenye utata lisikatwe. Liende folda ya pili pamoja na vibao, na kijana ampigie mteja kabla hamjaweka shiti mezani.