Santuri za CBC kwenye magulio ya Kanada: kwa nini moja ni dola 2 na nyingine dola 120?

Swali — Mgeni wa Makasha (Ottawa)

Ndugu zangu, naomba mwongozo wa wenye uzoefu. Jumapili iliyopita nilikwenda kwenye gulio la santuri hapa Ottawa, katika ukumbi wa chini wa kanisa. Nilifika saa nne na nusu asubuhi nikidhani nimewahi, kumbe wapo waliolipa kiingilio cha juu ili waingie kabla yetu, nao walikuwa wakitoka na mifuko iliyojaa huku sisi wa dola tano tukiwa bado kwenye foleni.

Kwenye meza moja nilichakura nikakuta sahani mbili zenye nembo ya CBC, shirika la utangazaji la umma. Ya kwanza ilikuwa santuri kubwa ya kwaya, jalada safi kabisa, bei dola 2. Ya pili ilikuwa sahani ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, imo ndani ya bahasha ya karatasi tupu, lebo yake imeandikwa kuwa ni ya huduma ya kaskazini ya CBC, na jina la wimbo ni la Kiinuktitut, lugha ya Wainuiti wa kaskazini. Muuzaji aliitaka dola 120 na hakukubali kushuka hata senti. Nimeshindwa kuelewa inakuwaje zote zimetengenezwa na shirika moja, kwa fedha za kodi ileile, halafu bei zikaachana namna hiyo.

Nauliza pia kwa sababu kazini tunabishana kuhusu CBC tangu uchaguzi wa Aprili 2025, ambapo suala la kuinyima fedha za serikali lilizushwa, na mwenzangu mmoja anasema kwamba kama shirika hilo lingekuwa na thamani yoyote, soko lingekwisha kuionyesha. Je, bei za gulio zinaweza kutueleza chochote kuhusu thamani ya redio ya umma?

Jibu la 1 — Mchuuzi wa Toronto

Bwana Ottawa, nimeuza santuri kwenye magulio ya Ontario kwa miaka kumi na minne, na swali hili huulizwa kila mara mtu anapokuta nembo moja kwenye bei mbili. Anza na idadi ya nakala. Santuri za kwaya na okestra wazee walizitunza vizuri sana, na sasa watoto wao wanatuletea masanduku mazima huku wanunuzi wakipungua kila mwaka. Ile ndogo ilitengenezwa kwa ajili ya kuchezwa redioni. CBC ilianzisha huduma ya kaskazini mwaka 1958, ikaanza kutangaza kwa Kiinuktitut mwaka 1960, na haikuchukua muda ikagundua kwamba lugha hiyo ilikuwa na wasikilizaji lakini haikuwa na sahani za kuwachezea. Ndipo ikabidi izirekodi yenyewe. Sugluk, kwa mfano, bendi ya vijana wa Salluit kwenye ncha ya kaskazini ya Quebec, waliletwa Montreal katikati ya miaka ya 1970 kurekodi kwa ajili ya CBC. Kampuni za biashara hazikuwa na sababu ya kuwalipia nauli.

Nakala hizo zilikuwa chache tangu mwanzo, tena zilichezwa mpaka mifereji ikachoka. Kabla hujatoa dola 120, mwombe muuzaji aichomoe kwenye bahasha, kisha uiinamishe chini ya taa ili mwanga upite kwa mshazari. Tazama sentimita ya kwanza kutoka ukingoni. Mtangazaji wa zamani alikuwa akiirudisha sahani nyuma na mbele chini ya sindano ili wimbo uanze papo hapo anapofungua swichi, na sahani iliyofanyiwa hivyo mara nyingi huwa na ukungu wa kijivu mahali hapo. Ukiipiga, sekunde za kwanza zinachachatika kama mafuta ya kukaangia. Kama ukungu haupo, bei si ya kushangaza. Kama upo, mpe 50, na akikataa uondoke.

Mwaka 2014 kampuni ya santuri ya Marekani, Light in the Attic, ilitoa mkusanyo wa nyimbo 34 za wanamuziki wa jamii za wenyeji asilia wa Kanada na kaskazini mwa Marekani, za kati ya mwaka 1966 na 1985. Aliyezikusanya, Kevin Howes, ni mtu wa kuchakura makasha ya santuri kama sisi; alitumia takriban miaka 15 akitafuta sahani na kuwafuata wanamuziki wenyewe waliokuwa hai ili wakubaliane kwa mikataba. Baada ya hapo bei za sahani za huduma ya kaskazini zilipanda, na ndiyo maana muuzaji wako hakushuka.

Jibu la 2 — Mlipakodi (Calgary)

Nimesoma maelezo ya Mchuuzi kwa faida, lakini naona yanamsaidia yule mwenzake Ottawa kuliko yanavyomsaidia Ottawa mwenyewe. Shirika hili linapata takriban dola bilioni 1.4 kwa mwaka kutoka serikalini, ambazo ukiwagawia wakazi wote ni kama dola 33 kwa kila kichwa. Haya, rekodi hizo zilizofanywa kwa kodi, mwananchi aliyelipa alizipata wapi? Nyingi zilikuwa za redio tu, haziuzwi dukani. Mtu wa kawaida aliyependa wimbo alisubiri urudiwe hewani, naye mtu binafsi akaja kuuza nakala ileile kwa dola 120 baada ya miaka hamsini. Mwanamuziki hapati chochote katika mauzo hayo, na shirika halipati chochote pia.

Tena utunzaji wenyewe ni wa mashaka. Okestra ya redio ya CBC pale Vancouver ilidumu tangu mwaka 1938, na mwaka 2008 shirika lenyewe ndilo lililoivunja. Minara ya masafa mafupi pale Sackville, New Brunswick, iliyotangaza kwa ulimwengu tangu mwaka 1945, ilizimwa mwaka 2012 bajeti ilipokatwa. Ukitaka kujua ni nini kiliinua muziki wa Kanada, tazama kanuni ya mwaka 1971 iliyozilazimisha redio za AM zipige asilimia 30 ya muziki wa nchini. Ile duara ndogo yenye herufi M, A, P na L nyuma ya majalada, alama ya kuonyesha kwamba muziki ni wa Kanada, ndiyo ushahidi wake, na redio binafsi ndizo zilizobeba mzigo huo. Kabla ya kanuni hiyo, tangu mwaka 1962, redio binafsi zilikuwa zimekwisha kuchangishana fedha za kurekodi wasanii kupitia Canadian Talent Library. Jackie Mittoo, Mjamaika aliyehamia Toronto, alirekodi santuri yake ya Reggae Magic huko, na siku hizi nayo haipatikani kwa bei ya kutupa.

Jibu la 3 — Mchuuzi wa Toronto

Ndugu Mlipakodi, kuhusu kutouzwa kwa wananchi sina la kukupinga, na hata mimi ninayefaidika nalo naliona kuwa kosa. Kuhusu Canadian Talent Library pia umesema kweli. Wateja wengi huichanganya na CBC, nami huwasahihisha. Ila fikiria nani alilipa na kwa nini. Redio ya biashara ilirekodi muziki uliofaa kukaa katikati ya matangazo ya sabuni na magari. Ndiyo maana meza yangu imejaa santuri zao za ala laini, nyingine nzuri sana, lakini yenye Kiinuktitut sijaikuta hata moja. Salluit hapakuwa na muuza magari wa kulipia tangazo. Hata kanuni ya asilimia 30 isingewafikia Sugluk kama sahani yao isingekuwepo, kwa sababu kituo hakiwezi kupiga kisichorekodiwa.

Jibu la 4 — Dereva wa Kaskazini

Mimi si mkusanyaji, wala mashine ya santuri sina. Niliendesha teksi Iqaluit kwa miaka mitatu, mji usio na barabara ya kwenda mji mwingine wowote, na redio ya gari langu ilikaa kwenye CBC kutwa nzima kwa sababu abiria ndivyo walivyotaka. Nilipoibadilisha siku ya kwanza, bibi mmoja aliyekaa nyuma alinigonga begani kwa kidole akaniambia niirudishe. Sikuelewa neno hata moja la Kiinuktitut. Alichokuwa akisikiliza ni hali ya hewa, salamu, kisha wimbo wa gitaa, na alipofika kwake hakushuka hadi wimbo ulipokwisha, ingawa nyuma yangu palikuwa na gari linalopiga honi.

Sisi tuliokulia Tanzania jambo hili hatupaswi kufundishwa. Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa ikirekodi bendi kama NUTA Jazz na Vijana Jazz studioni kwake, na bila kanda zile nyimbo nyingi za baba zetu zingebaki kwenye kumbi walikopigia. CBC ya kaskazini hutangaza kwa lugha nane za wenyeji. Nakubaliana na Mlipakodi kwamba wenye nyimbo walistahili kupata nakala. Lakini katika uchaguzi wa mwaka 2025 chama cha Wahafidhina kilitaka kuinyima fedha huduma ya Kiingereza na kuiacha ile ya Kifaransa, nami sikusikia mtu akieleza vizuri lugha hizo nane zingekaa upande gani.

Jibu la 5 — Mgeni wa Makasha (Ottawa)

Nawashukuru nyote. Jana nilikwenda kwenye duka la yule muuzaji wa gulioni nikiwa na tochi mfukoni, nikaambiwa sahani ya Kiinuktitut ilinunuliwa jioni ileile. Alinikubalia kwamba ukingo wake ulikuwa na ukungu kidogo. Aliyeinunua, kwa maelezo yake, ni mama mmoja kutoka Nunavik, eneo la Wainuiti kaskazini mwa Quebec, aliyekuja hospitalini Ottawa, akamwambia kwamba mwimbaji wa pili ni mjomba wake. Muuzaji alimpunguzia hadi 60, jambo ambalo mimi sikufanyiwa, wala sina kinyongo.

Nimechukua ile ya kwaya kwa dola zake mbili. Nyuma ya jalada ina muhuri wa wino wa maktaba ya kituo cha redio na safu ya tarehe zilizoandikwa kwa mkono, kila iliposhushwa rafuni ili ipigwe hewani. Ya mwisho ni ya Desemba 1979. Ndugu Mchuuzi, je, muhuri huo unapunguza bei au unaongeza?

Jibu la 6 — Mchuuzi wa Toronto

Kwa wengi unapunguza. Ukichoka nayo, mimi nitakupa dola nne.