Naomba ushauri: rufaa ya mzee kutoka Liwale kwenda hospitali ya mkoa

Ndugu wanakundi, habari za leo. Baba yangu mkubwa, mgonjwa wa kisukari, yuko kijijini wilayani Liwale, na kidonda cha mguu wake kimeanza kuwa cheusi pembezoni. Ameandikiwa rufaa, lakini tumeambiwa tuchangie kwanza mafuta ya gari la wagonjwa, nasi fedha hiyo hatuna.

Nilipiga 115, namba ya simu ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwenda hospitali, nikaelezwa kwamba usafiri huo ni wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Ni utaratibu mzuri mno, na natamani wazee nao wafikiriwe. Mganga mfawidhi anasema tusubiri. Hofu yangu nyingine ni foleni, kwa kuwa safari iliyopita alikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi alasiri, barua ya rufaa mkononi, usaha ukilowesha kanga tuliyomfungia mguuni.

Je, mchango wa mafuta ni wa lazima kwa mzee aliyezidi miaka 60 asiye na uwezo, ambaye kisera anastahili matibabu bila malipo? Na akifika, tunaruhusiwa kumpeleka moja kwa moja idara ya dharura, au ni lazima aanzie mapokezi ya wagonjwa wa nje?