Mstari wa pili hafifu: ni mimba?

Dada wa Ujiji: Habari wadau. Hedhi imechelewa siku 3, kipimo cha mkojo kina mstari wa pili hafifu sana. Nihesabu ni mimba?

Nesi Kasulu: Pole na mashaka, dada. Mstari ukitokea ndani ya dakika 5, hata hafifu, kwa kawaida ni mimba. Baada ya dakika 10 usiuamini. Rudia baada ya saa 48 kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Maji mengi huuzimua, homoni ya mimba (hCG) isionekane.

Maabara Tabora: Kijiti kisizame kupita alama, na pakiti iliyokaa juani usinunue. Kichefuchefu si uthibitisho, hata malaria huleta. Tumbo likiuma sana upande mmoja, au ukitoka damu, nenda hospitali leo: huenda mimba imetunga nje ya kizazi.