Distro (toleo) gani ya Linux inafaa kwa seva ya Koha?

mkutubi_mpya
Wakuu, naomba ushauri. Tunahamishia Koha, programu huria ya kuendesha maktaba, katalogi ya vitabu kama 8,000. Mashine ina RAM ya GB 4 na SSD ya GB 240, na wanaoitumia kwa pamoja hawazidi 10. Naona wengine wanasema Debian, wengine Ubuntu, Fedora au AlmaLinux. Nichukue ipi? Na niweke desktopu au nibaki na terminali tupu?

kamba_nyeusi
Debian, mkuu, na si ushabiki. Koha imeandikwa kwa lugha ya Perl na inategemea moduli nyingi mno. Wanajamii wake hutoa vifurushi vya .deb kupitia debian.koha-community.org, kwa hiyo ukisakinisha koha-common, apt (kisakinishi cha Debian) inakuletea moduli zinazooana pamoja na Zebra, injini ya kutafutia. Kwenye Fedora au AlmaLinux utaokoteza moduli mojamoja kutoka CPAN (ghala la moduli za Perl), halafu siku mfumo ukisasisha Perl unaanza kuwinda kilichovunjika.

Desktopu achana nayo, inakula RAM bure. Weka SSH tu (ya kuingilia seva kwa mbali), mengine utayafanya kwa kivinjari kutoka kompyuta nyingine.

seva_haizimwi
Ubuntu nayo inakubali, ila iwe LTS (toleo la msaada wa muda mrefu), kama 24.04. Zile za katikati hupata masasisho kwa miezi 9 tu.

Mtego mkubwa kuliko distro ni mstari wa repo, yaani ghala ambalo apt inachukulia Koha. Wengi huandika `stable`, ambayo hufuata toleo jipya kila linapotoka. Koha hutoa toleo kubwa kila Mei na Novemba, kwa hiyo siku moja `apt upgrade` ya kawaida inakurusha toleo zima, muundo wa hifadhidata unabadilika, na njia ya kurudi nyuma ni bakapu peke yake. Andika namba ya toleo, mfano `24.11`. Kabla ya kusasisha, piga bakapu (`maktaba` hapa ni jina la Koha yako kwenye seva):

`sudo koha-dump maktaba`

Faili zinakwenda /var/spool/koha/maktaba. Cron (kazi ya kujiendesha kwa ratiba) ya koha-common nayo hupiga bakapu kila siku, lakini hubakiza za siku chache tu, tena kwenye diski ileile. Zinakili nje.

mkutubi_mpya
Asanteni. Nimeweka Debian 12, `koha-create --create-db maktaba` imepita bila kulalamika. OPAC (katalogi ya wasomaji) inafunguka, ila upande wa wafanyakazi kivinjari kinasema muunganisho umekataliwa. Kwenye koha-sites.conf niliweka INTRAPORT (mlango wa upande wa wafanyakazi) 8080.

kamba_nyeusi
Apache, seva ya wavuti, haijaambiwa isikilize 8080. Fungua /etc/apache2/ports.conf, ongeza `Listen 8080`, kisha `sudo systemctl restart apache2`. Utaingia kwa jina koha_maktaba. Nenosiri utalipata kwa `sudo koha-passwd maktaba`.

Ukishaingiza rekodi, utafutaji ukileta sifuri usidhani zimepotea. Faharasa haijajengwa: `sudo koha-rebuild-zebra -v -f maktaba`.

seva_haizimwi
Washa pia Plack, inayoiweka Koha kwenye kumbukumbu, la sivyo kila ukurasa unapakia upya msimbo wa Perl na utaona uzito wake:

`sudo a2enmod headers proxy_http`
`sudo koha-plack --enable maktaba`
`sudo koha-plack --start maktaba`
`sudo systemctl restart apache2`

Wafanyakazi wa Plack (michakato yake, si watu) waache 2, maana kila mmoja anakalia mamia ya MB. Elasticsearch, injini nyingine ya kutafutia, usiiguse kwa GB 4. Vitabu 8,000 Zebra anavimudu bila jasho.