Makaburi ya mahame nyuma ya Siyu: nayaandikaje?

Kijukuu cha Pate
Asalaam aleikum ndugu zangu. Shamba la marehemu babu liko nje ya Siyu, hapa kisiwani Pate. Tukifyeka mwezi jana nimehesabu makaburi 11 ya matumbawe. Moja lina nguzo iliyokatika kiunoni, na ubavuni vishimo vitatu vya duara, chokaa ingalimo, vitupu. Bi mkubwa asema alipokuwa mtoto mlikuwa na bakuli za buluu. Nataka kuyapiga picha na kuyatia kwenye ramani ya intaneti kabla hayajawa msingi wa nyumba ya mtu. Nina simu na daftari tu.

Nahodha Mstaafu
Wa aleikum salaam. Simu yatosha. Piga picha alfajiri ikishakucha au jua likizama, mwanga uje kwa ubavu. Maandishi usiyoyaona saa sita hujitokeza yenyewe. Na nambari za GPS: sisi tuko kusini mwa Ikweta, usisahau alama ya kutoa. Mimi niliisahau, kaburi likahamia kaskazini huko mpakani na Somalia!

Ummu Shela
Chukua na dira. Makka kwetu ni kaskazini, kwa hiyo kaburi hulala mashariki-magharibi. Safu ya mawe iliyolala hivyo usiikalie kula embe.
Brashi ya waya usiiguse kabisa. Nguzo ya kaburi la Takwa, mahame ya kisiwani Manda, ina mwaka wake, 1094 wa Hijria. Kwenye mahame ya Gede, karibu na Malindi, kuna kaburi la 802. Huenda na lako limeandikwa, ukisugua umefuta. Mti ukiwa umeota ndani, kata shina, mzizi uuache. Ukiung'oa watoka na ukuta.

Mla Mkate wa Mofa
Ramani ya intaneti mimi sikubali. Bakuli hizo hazikuondoka kwa miguu yao, na wachimbaji nao wana simu. Nambari ziweke daftarini, nakala ipeleke makumbusho pale Lamu. Sheria ya turathi ya Kenya ya 2006 yamtaka aliyegundua aarifu. Mtandaoni sema "kisiwa cha Pate", basi. Hata kichwa cha uzi huu kimesema mengi.

Kijukuu cha Pate
Kweli, nitawaomba wasimamizi wakibadilishe. Jana nilimpeleka bi mkubwa na daftari. Makaburi manne ameyataja kwa majina, moja aliita "la mgeni". Lile la nguzo aliliangalia sana, akasema atanambia akishaswali. Hajanambia bado.

Ummu Shela
Usimkimbize. Ila kalamu ikae karibu.