Wanaume wanne kwenda Tokyo na Osaka: tulipie kampuni ama tujipange wenyewe?

kimya_kisumu

Habari zenu wasee. Nimekuwa nasoma tu huku bila kuandika kitu karibu mwaka mzima, leo nimejikaza. Tuko wanne, wote wanaume, wote watu wetu mnaelewa, watatu tuko Kisumu na mmoja yuko Nakuru. Tuna kachama ketu ka miaka mitatu sasa, elfu nane kila mwezi kila mtu, na grupu ya WhatsApp tuliiita Mradi wa Kuku ndio mtu akichungulia simu asishtuke, mpaka leo bradhe yangu mkubwa huniuliza kuku wanaendelea aje na mimi humwambia wanataga.

Sasa kuku ni Japani. Msiniulize kwa nini, mmoja wetu alianza kujifunza Kijapani kwa simu wakati wa korona na akatuambukiza wote. Tumeona kuna kampuni za nje zinapanga safari za wanaume gei peke yao, wanasema kundi dogo, yaani watu kumi na wawili hivi, siku kumi, Tokyo, Kyoto na Osaka, kiongozi yuko, hoteli zimelipwa, na usiku mmoja mnatembezwa kwa baa. Shida ni bei. Bila ndege pesa ya chama yote inaisha na bado tunabaki na deni. Sasa mnaonaje, inafaa ama twende wenyewe tu wanne? Na ubalozi watatuuliza maswali wakiona wanaume wanne pamoja? Alafu wawili kati yetu ni kapo, wanataka chumba kimoja kitanda kimoja, huko kuna mtu atawaangalia vibaya kwa risepsheni venye huku tunaangaliwa?

pipeline_nax

Omera karibu, umefanya poa kuandika. Mimi nilienda na kundi la aina hiyo hiyo, tulikuwa kumi na wawili, mimi pekee ndio mweusi, wengine wazee wa Marekani na Ulaya watu wa heshima wenye magoti mabovu. Nitakuambia ukweli wote.

Mchana kampuni iko sawa, siezi danganya. Stesheni ya Shinjuku ina milango ya kutokea zaidi ya mia mbili na ukitoka kwa ule mbaya unaweza tembea nusu saa ukitafuta kitu kilikuwa nyuma yako, kwa hivyo mtu anayejua njia siku mbili za kwanza ni baraka. Shida ni usiku na usiku ndio ulikuwa umenipeleka.

Mtaa wenyewe unaitwa Shinjuku Ni-chome. Ni mdogo, unauzunguka kwa miguu dakika kumi, lakini ndani kuna baa za watu wetu mia kadhaa zimepangwa juu kwa juu kwa majengo membamba. Zamani hapo palikuwa mtaa wa malaya, sheria ya kukataza ukahaba ikaanza kazi 1958, vyumba vikabaki tupu na kodi ikashuka, ndio watu wetu wakaingia. Na ndio maana baa ni ndogo hivo. Chukua kibanda cha Mpesa, ongeza kaunta na viti vinane, hiyo ndio baa. Sasa sisi tukafika kumi na wawili tumejipanga nyuma ya kiongozi kama watoto wa shule wanaenda kuona flamingo. Kiongozi akafungua mlango, mwenye baa akainama kwa adabu kabisa, alafu akainua mikono miwili akaipishanisha kifuani ikawa X. Mlango ukafungwa. Ya pili hivo hivo. Mimi damu ikapanda nikajua ni rangi yangu, kumbe ni hesabu, viti vinane na watano wamekaa tayari. Tukaishia baa moja kubwa ya watalii yenye muziki wa kupasua masikio, yaani mahali ningepata hata Westlands.

Usiku wa tatu nikatoroka na wazee wawili, tukapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu tukagonga. Tukaingia! Anayehudumu huitwa mama hata kama ni mwanaume, huyu alikuwa na miaka sitini hivi, sweta ya kijivu na lipstiki kidogo tu. Akauliza natoka wapi, nikasema Kenya, akaruka, "marason!" akaangalia tumbo langu, akanyamaza. Baa nzima ikacheka na mimi nikacheka nikakaribia kuanguka. Alafu akaanza kunihadithia Wanjiru, Samuel Wanjiru yule wa Nyahururu aliyesoma sekondari Sendai kabla hajachukua dhahabu ya Beijing 2008, anamjua kuniliko na mimi nyumbani ni mwendo wa matatu mpaka Nyahururu. Huo usiku ndio safari yenyewe. Hayo mengine yote ni mahekalu.

Kwa hivyo jibu langu, nyinyi wanne ndio kundi dogo lenyewe, na hata mkiwa wanne usiku mgawanyike wawili wawili. Tafuteni tu mtu wa kuwatembeza jioni moja, wako wanaofanya hiyo kazi, mlipie hiyo peke yake.

Kitu kingine, ukikaa kwa kaunta unaletewa kasahani kadogo ka karanga ama mboga hujaagiza. Kanaitwa otoshi, ndio malipo ya kiti, utalipa upende usipende. Mimi nilibisha, aibu mpaka leo. Pia usiache bakshishi, watakukimbiza barabarani wakurudishie. Na usipige picha ndani bila kuuliza, wengi wao kazini hawajulikani, wako tu kama sisi. Ukikataliwa mlangoni inama uende ya pili, kuna zingine ni za wateja wa kila siku tu na zingine hazitaki mtu asiyejua Kijapani juu kitu wanauza hapo ni maongezi, pombe ni kisingizio. Huyo wenu wa Kijapani cha simu atawasaidia sana.

mzee_wa_kakamega

Vijana kwa nini mnaenda mbali hivyo, Cape Town iko hapa, ndoa yetu ni halali tangu 2006, Kiingereza wanasikia na nyama choma iko. Huko Japani hata kuoana hamwezi.

pipeline_nax

Mzee shikamoo, lakini hawajasema wanaenda kuoana 😂

Ila ni kweli usiende ukidhani ni mbinguni. Serikali ya huko haijakubali ndoa ya wanaume wawili, kilichoko ni cheti cha wapenzi kinachotolewa na miji, Shibuya na Setagaya walianza 2015 na Tokyo yote ikafuata Novemba 2022. Lakini hakuna sheria ya kukufunga, waliwahi kuwa nayo miaka michache wakaifuta 1880. Huku kwetu kifungu cha 162 cha sheria ya jinai bado kinasema miaka 14 na korti ilikataa kukiondoa Mei 2019. Kutembea Tokyo siku nne mfululizo bila kuangalia nyuma, mzee, mimi shingo iliniuma kwa kukosa hiyo kazi.

wakili_wa_stage

Naongezea ya viza juu niliifanya mwaka jana, mimi niko Bungoma. Mkenya anahitaji viza, hakuna njia ya mkato, na mambo yote ni Nairobi kwa hivyo hesabu nauli. Wanataka ratiba ya siku kwa siku, leo uko wapi, unalala wapi, simu ya hoteli, andika zote msiache siku tupu. Wanataka stetimenti ya benki, na hapa ndio chama chenu kina shida. Pesa ikiwa imekaa kwa akaunti ya mweka hazina mmoja, hao wengine watatu wanaonekana hawana kitu. Gaweni mapema, kila mtu ikae kwake miezi kadhaa, msiingize laki mbili wiki moja kabla ya kupeleka fomu, wanaona. Barua ya kazi na ya likizo pia. Fomu inauliza umeoa ama hujaoa, unaandika hujaoa, basi. Hakuna pahali wanauliza unampenda nani.

Nyumbani sema mnaenda kuangalia magari. Nusu ya Probox za Kisumu zimetoka huko, hakuna mtu atauliza swali la pili. Ubalozini lakini sema utalii, msichanganye.

kimya_kisumu

Wakili 😂😂 hiyo ya magari imeingia, mamangu ameshaanza kuagiza Vitz.

Mweka hazina ni mimi na pesa yote iko kwangu kweli. Nimeshtuka. Kesho tunagawa.

sista_bungoma

Mulembe. Mimi ni nesi, na si mwanaume na si kuchu, yaani si wa watu wenu, nina kaka yangu ndio maana nasoma huku. Hakuna mtu ametaja dawa na hapo ndio watu hushikwa. Dawa ulizoandikiwa na daktari unaruhusiwa kuingia nazo Japani za mwezi mmoja bila kuomba kibali. Kwa hivyo kama kuna mmoja wenu anatumia PrEP ya kujikinga na virusi ama ARV, beba za mwezi, ziwe kwa chupa yake yenye jina lako, usizimwage kwa karatasi ya nailoni venye wengi hufanya wakiogopa kuonekana, na uwe na barua ya daktari. Zaidi ya mwezi mnaomba cheti kinaitwa Yunyu Kakunin-sho kabla ya kusafiri. Alafu angalieni dawa za mafua na kikohozi, zile zenye pseudoephedrine nyingi haziruhusiwi kabisa hata kama hapa unanunua kemisti bila swali, na zenye codeine pia zina masharti. Bangi hata chembe kwa mfuko wa jinzi wa zamani, hapana. Miraa acheni Maua.

Na njiani. Hakuna ndege ya moja kwa moja, mtapitia Doha, Dubai ama Addis, na hizo nchi zote tatu sheria zao kwa watu wenu ni kali. Kukaa tu ndani ya uwanja kubadilisha ndege kwa kawaida hakuna shida, lakini msitoke kulala mjini na ile programu ya kutafutana, msiifungue. Kaka yangu huitoa kwa simu kabla ya JKIA na kuiweka tena akifika. Picha vilevile wakati wa kurudi.

kimya_kisumu

Asante sista, kwa kweli. Mmoja wetu hilo la chupa linamhusu na alikuwa amepanga kuweka zote kwa mkebe wa Panadol. Nimemtumia ujumbe wako saa hii.

pipeline, hujajibu ya kitanda. Na ile pasi ya treni watu wanasema lazima tununue?

pipeline_nax

Kitanda. Kapo wabuki hoteli za kawaida za kibiashara, waandike wageni wawili na chumba cha kitanda kimoja, wasimame risepsheni watoe pasipoti, itapigwa kopi, huo ni utaratibu wa wageni wote wasio na anwani huko, watapewa kadi na kuinamiwa. Hakuna aliyeinua macho. Tangu 2018 mwongozo wa serikali unakataza hoteli kuwakataa wageni kwa sababu ni wanaume wawili. Wasome tu vizuri ukubwa, kuna kinaitwa semi-dabo, ni sentimita 120 ama 140, watu wawili wa ugali wa Nyanza hapo watagombana usiku wa kwanza. Na wasishikane mikono sana barabarani, si kwa kuogopa polisi, hata mwanaume na mke wake huko hawabusiani kwa stesheni.

Treni, hapana usinunue pasi, ile Japan Rail Pass ya watalii. Ilipanda Oktoba 2023, ya siku saba ikatoka yen 29,650 ikafika 50,000, na yen ni kama shilingi tu, pungufu kidogo. Tokyo mpaka Kyoto kwa ile ya kasi ni kama 14,000, masaa mawili na kidogo. Kyoto mpaka Osaka treni ya kawaida nusu saa, chini ya elfu moja. Kateni tiketi ya ndege ya kuingilia Tokyo na kutokea Osaka, hamrudi nyuma, hamuhitaji pasi. Mjini tumieni kadi ya Suica, unaiwekea pesa unaigusisha mlangoni mwa stesheni. Treni za mwisho ni saa sita usiku hivi na zinaanza tena saa kumi na moja alfajiri, teksi itawamaliza, kwa hivyo lazeni kichwa karibu na Shinjuku ama mkubali kukesha. Wengi hukesha.

Osaka mtaa wetu ni Doyama, karibu na Umeda. Mimi nilipapenda zaidi, watu wanaongea sana, wanakuguza bega, kama Kisumu hivi. Na kama mnataka kukaa mchana bila pombe Tokyo kuna kituo cha watu wetu kinaitwa Pride House Tokyo Legacy, Shinjuku hapo, ilifunguliwa Oktoba 2020, unaingia bure unasoma vitabu, watu wazuri. Maandamano yenyewe ya Pride yalikuwa ya Aprili, 2025 yakahamia Juni, mkipanga tarehe angalieni.

Bafu za maji moto mtaenda, lazima. Wanaume upande wao, uchi kabisa, unaoga na sabuni kwanza ukiwa umekaa kwa kastuli ndio uingie majini. Mwenye tatuu aulize kabla. Na si mahali pa kutongozana, kuna wazee na watoto hapo, nyamazeni mloweke kama nyama ya Krismasi.

kimya_kisumu

Basi tumeongea kwa grupu ya kuku na tumekata shauri, kampuni hapana, twende wanne, na huyo wa kututembeza tumlipie usiku mmoja Ni-chome na mmoja Doyama. Tunaangalia Februari juu bei ya ndege imeshuka. Swali la mwisho na nitawaacha, baridi ya Februari Tokyo ni kama ya wapi? Sijawahi kuwa na koti maisha yangu yote.

mzee_wa_kakamega

Ukiwa umelala Limuru Julai bila blanketi, na uongeze upepo. Enda Kibuye Jumapili asubuhi mapema kabla belo hazijachaguliwa, tafuta koti lenye bitana na zipu nzima. Zingine zilitoka huko huko, unazirudisha kwao.

Na mkifika kwa huyo mama wa lipstiki mmwambie kuna mzee Kakamega ana miaka 67 anasalimia. Cape Town niliwadanganya, sijawahi kufika.