Proksi ya ndani ya kivinjari kama meza ya kazi ya kila siku: nibaki nayo au nihamie VPN, Tor au seva yangu?

kibodi_mbovu
Wakuu, habari zenu. Natumia kompyuta ya kuazima, mwenyewe hataki nisakinishe kitu. Wiki tatu sasa nimehamia kwenye proksi ya mtandaoni: nafungua tovuti moja, ndani yake kuna sehemu ya kuandika anwani, vichupo na alamisho zangu. Mwanzoni nilifurahi kweli. Sasa najiuliza kama nikae humo moja kwa moja au nitafute VPN (huduma inayopitisha mtandao wako wote kwenye seva yao), Tor Browser (kivinjari cha kujificha), ama nikodi seva ndogo, yaani kompyuta ya mbali, nipitie huko. Nataka uzoefu wa mtu aliyefanyia kazi humo kutwa nzima, si aliyechungulia tu.

Bi_Seva
Ndugu yangu, umeingia na akaunti ngapi humo? Uliza hilo kwanza. Ukiandika anwani, seva ya proksi ndiyo inayokwenda kuuchukua ukurasa. Inauandika upya, kila kiungo na kila mstari wa JavaScript unaotaja anwani, kisha inakuletea kama wake. Kufuli unaloliona juu pale ni la kikoa (jina la tovuti) cha proksi, si la barua pepe yako. Kwa nyingi ya proksi hizi HTTPS (usimbaji unaoficha ukurasa njiani) inaishia kwao, inafunguliwa, halafu inafungwa upya kuelekea kwenye tovuti. Hapo katikati nywila yako iko uchi.

Mwenye VPN anaona umekwenda kikoa gani, lakini ukurasa wa HTTPS wenyewe hausomi. Zipo proksi mpya zinazofanya usimbaji ndani ya kivinjari chako, ila msimbo wa kufanyia hivyo umeletwa na haohao.

fundi_wa_usiku
Naongezea. Kwa kivinjari chako, tovuti zote unazofungua humo ni tovuti moja. Ule ukuta unaozuia tovuti hii isiguse vidakuzi (kumbukumbu ndogo zinazoonyesha umeshaingia) vya ile unasimama juu ya kikoa, na kikoa kimebaki kimoja. Proksi inajitahidi kuigiza ukuta huo. Nyingine zinaigiza vizuri, nyingine ovyo.

Yaliyonikuta: niliruhusu kamera mara moja tu, nipige picha ya wasifu. Siku mbili baadaye nikafungua ukurasa wa kusoma misimbo ya QR, taa ya kamera ikawaka kabla sijaulizwa lolote. Ruhusa nilikuwa nimeipa proksi, na ukurasa ule nao ulikuwa chini yake. Siku hiyo ndipo nikaelewa kwa nini programu yangu ya kutunza nywila ilikuwa inagoma kujaza. Mimi nilidhani imeharibika, kumbe yenyewe ndiyo ilikuwa na akili.

mpole_sana
Wakuu, msiizike ikiwa hai. Mimi naitumia muda mrefu kusoma nyaraka, kuona ukurasa wangu unavyoonekana kutoka nchi nyingine, na kufungua kiungo nisichokiamini. Kwa kusoma bila kuingia na akaunti, sijaona cha kuipiku kwa wepesi. Naifungulia dirisha la faragha, nikimaliza nafunga. Kosa ni kuhamia na virago vyote.

kibodi_mbovu
@Bi_Seva akaunti nne 😬 Na la viungo nimeliona. Jana nilimtumia mwenzangu makala, akauliza nimemtumia nini: mstari mzima wa herufi zisizosomeka baada ya jina la proksi. Alamisho zangu zote ziko hivyohivyo.

Bi_Seva
Basi siku kikoa hicho kikizimwa, zimekwenda zote. Na vikoa hivi havidumu.

chungu_cha_data
Kuhusu Tor: inakupitisha vituo vitatu, kwa hiyo mwendo ni wa kinyonga, na tovuti nyingi zitakutaka uthibitishe kuwa wewe si roboti. Ukiifunga inafuta vidakuzi, kesho unaanza kuingia upya kila mahali. Imetengenezwa kukuficha, na kwa hilo ni hodari. Kama ofisi itakuchosha.

Halafu mambo haya si mageni. Opera Mini iliyosambaa duniani mwaka 2006 ilikuwa hivihivi: seva yao inachukua ukurasa, inaubana, simu yako inaletewa uliopungua. Tuliokuwa na bando dogo tuliipenda sana, na hatukujiuliza nani anasoma katikati.

mzee_wa_terminali
Kijana, unayotaka yapo bila kusakinisha chochote. Windows inakuja na ssh (programu ya kuingia kwenye seva ya mbali kwa usimbaji) tangu 2018, Mac na Linux wanayo zamani. Kodi seva ndogo, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika:

`ssh -D 1080 jina@seva`

Kisha kwenye mipangilio ya mtandao ya Firefox chagua proksi ya kuweka mwenyewe, SOCKS v5, anwani 127.0.0.1 (kompyuta yako yenyewe), bandari (namba ya mlango) 1080. Weka tiki pale panaposema DNS (huduma ya kutafuta anwani ya jina la tovuti) nayo ipitie proksi. Ukisahau, majina ya tovuti unazofungua yanaendelea kuulizwa kwenye mtandao wa hapohapo ulipo. HTTPS inabaki kati yako na tovuti. Vikoa vinabaki vyake, viungo vinabaki visafi, kamera inaulizwa kila tovuti peke yake.

Ubaya wake: anwani ya IP ni ya kituo cha data, kuna huduma zitakushuku na kukufungia nje kwa muda. Na masasisho ya seva ni juu yako, hakuna wa kumlilia. Tena mwambie mwenye kompyuta unachofanya. Kukataza kusakinisha huenda alimaanisha zaidi ya hapo.

fundi_wa_usiku
Naunga mkono. Ila ukiondoka futa mipangilio, mwenzio asikute Firefox haifungui kitu.

kibodi_mbovu
Nimeongea naye, amekubali mradi nisiache kitu. Nywila nimeanza na ya barua pepe, maana ndiko zinakotua jumbe za kubadilisha nyingine, na nimetoka kwenye vifaa vyote. Tatu bado. Proksi nitabaki nayo ya kusomea tu kama @mpole_sana. Mzee, terminali inaniambia bandari 1080 inatumika tayari, nifanyeje?

mzee_wa_terminali
Weka 1081, au yoyote iliyo wazi juu ya 1024. Mradi uandike ileile na kwenye Firefox.